Sinia la Watu wa Sukari

Vidole viwili vya mguu wa kushoto, ambavyo havikuwa vyangu; jogoo mmoja, ambaye alikuwa wangu; na urafiki wa tangu utotoni kati yangu na Bi Tatu, mwuza asali wa sokoni. Hiyo ndiyo gharama yote ya kazi ninayotaka kuwasimulia. Nimeihesabu mara mbili. Kama ningeambiwa nirudishiwe kimoja, ningemchagua Bi Tatu, kwa sababu vidole vina mwenyewe, na jogoo alikuwa mkorofi.

Siku yangu ya kwanza kazini haikuanzia jikoni, ilianzia sokoni. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, na hospitali moja hapa Tabora ilitafuta msichana wa jiko la mlo maalumu. Hilo lilikuwa pembe ya jiko kuu, mahali palipopikwa chakula cha wagonjwa wasioruhusiwa kula kila kitu: wa figo, wa vidonda vya tumbo, wa kisukari. Bwana Stoo, msimamizi wa ghala, mtu mfupi mwenye funguo nyingi kuliko milango ya jengo zima, hakuniuliza cheti. Alinipeleka mpaka kwenye gunia la choroko akasema, "Nunua, nikuone."

"Choroko mpya hizi, binti," muuzaji akaanza. "Zimetoka Nzega juzi."

"Juzi ya mwaka gani? Mbona zina wenyeji?" Nikampulizia punje kiganjani, wadudu wakatawanyika.

"Hao wamepanda njiani."

"Basi nao walipe nauli. Punguza."

Akapunguza. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Mtendeni; baba yangu alikuwa na kibanda cha nafaka, na nilijifunza kupatana bei kabla ya kujifunza kusuka ukili. Bwana Stoo alinirudisha hospitali, akanisimamisha mbele ya Matroni, mkuu wa wauguzi, mama mrefu kutoka kaskazini ambaye hakupandisha sauti hata moto ulipowaka.

"Anajua kupika?" Matroni akauliza.

"Kupika atafundishwa," Bwana Stoo akajibu. "Hilo jingine mtu huzaliwa nalo."

Nikafundishwa. Somo la kwanza lilikuwa wanga. Siku zile mtu akiambiwa ana ugonjwa wa sukari aliacha sukari ya chai, kisha akakaa mbele ya mlima wa ugali na dhamiri safi. Matroni alinieleza kwamba ugali, wali, viazi, muhogo na ndizi, vyote ni wanga, na wanga ukifika tumboni hugeuka sukari hata kama ulimi haukuonja utamu. Haukatazwi, bali unapimwa. Tulikuwa na mizani ya sahani mbili na kibakuli cha bati: kibakuli kimoja cha ugali kwa mtu mzima, mboga za majani mara mbili yake, na kitoweo cha ukubwa wa kiganja bila vidole. Somo la pili lilikuwa saa. Mgonjwa anayechomwa sindano ya insulini, ile dawa inayoshusha sukari, lazima ale kwa wakati. Akichomwa asile, sukari hushuka kupita kiasi, naye hutetemeka, huloa jasho, na anaweza kupoteza fahamu. "Zuhura," Matroni alikuwa akiniambia, "sindano haingojei wali uive."

Tatizo lilikuwa karatasi ya mlo. Ilibandikwa ukutani tangu enzi za Mwingereza na hakuna aliyethubutu kuibandua. Ilisema kabichi ya kuchemsha, kiazi ulaya cha kuchemsha, nyama ya kuchemsha. Kesho yake ilisema hivyo hivyo, ila nyama ilitangulia. Chumvi kidogo, kitunguu hakuna, limau halikutajwa. Nilipouliza kwa nini, Bwana Stoo alisema kitu kilichoandikwa kwa taipu hakiulizwi.

Hapo ndipo alipoletwa Fundi Feruzi.

Fundi Feruzi alikuwa fundi cherehani wa barazani pale Mtendeni, mshonaji wa kanzu ambazo watu walizitunza kwa Idi mbili na maziko. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, aliyetembea na pembe ya ndovu begani kutoka Unyanyembe hadi pwani na kurudi, na Fundi alijisifia miguu ya ukoo wao kama mwingine anavyojisifia shamba. Sasa mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kilichochimba kwa sababu ya sukari. Daktari Mkuu alikwisha kukata vidole viwili. Alituita mimi na Matroni akasema wazi: "Sukari ikitulia, kidonda kitakauka. Isipotulia, mara nyingine nakata chini ya goti."

Sasa fikirini. Cherehani ya Fundi ilikuwa ya kukanyaga. Mguu wake ulikuwa ndiyo mashine, chuma kile kingine kilifuata tu. Mke wake alipopewa habari hiyo hakulia. Aliuliza cherehani inauzwaje. Binti yao Mwanaidi, wakati huo angali wa kubebwa, alikuwa mgongoni akivuta ushungi wa mama yake.

Na Fundi hakula. Nilimpelekea sahani, akanishukuru, na nilipopita tena nikaikuta chini ya kitanda imefunikwa kwa gazeti. Sindano alichomwa, chakula hakugusa. Adhuhuri moja nilimkuta ameloa jasho, midomo inatetemeka, akiniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufa. Matroni alikimbia, na sikuwahi kumwona akikimbia, akamnywesha maji ya sukari mpaka macho yakarudi.

Alipopata nguvu nilikaa kando yake.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Fundi, chakula changu kina nini? Nieleze bila kunificha, mimi ni wa sokoni, nimetukanwa na wataalamu."

Akacheka kidogo. "Kibaya, hilo unalijua. Lakini kibaya nimewahi kula. Mwanangu, mimi tangu nizaliwe sijala peke yangu. Pale barazani adhuhuri ikifika sinia linatoka ndani, anakaa jirani, anakaa mteja, anakaa mpita njia. Anayekula peke yake ni mchoyo au mchawi. Wewe unaniletea sahani moja, kijiko kimoja, wenzangu wananitazama nikitafuna. Nimemkosea nani?"

Nilirudi jikoni nikiwa na jibu, ila sikujua kama Matroni angelinunua. Bei yake ilikuwa kubwa: sinia moja sakafuni katika wadi ya wanaume, wagonjwa wote wa sukari wale kwa pamoja.

"Na kipimo?" Matroni aliniuliza mara moja. "Sinia la watu watano, nani atajua nani amekula kiasi gani?"

"Matroni, kwetu mtu hula mbele yake. Anayepeleka mkono upande wa mwenziwe anafukuzwa hata na mama yake. Nitaugeuza ugali kwa kibakuli, kila mmoja fungu lake ukingoni. Katikati naweka mboga, tena nyingi, wazichotee huko. Kitoweo nakigawa mimi mwenyewe."

Matroni alikigeuzageuza kibakuli cha bati mkononi. Kwao kaskazini hawakula katika sinia moja namna yetu, nadhani alikuwa anaipiga picha kichwani. Kisha akaongeza masharti yake, ambayo mimi nisingeyafikiria: sabuni na maji ya moto kabla ya kula, vidonda vifungwe bandeji safi, anayekohoa asubiri apone, na sinia liwe chini muuguzi anapomaliza sindano ya mwisho, si baadaye. Akaibandua ile karatasi ya ukutani kwa kucha. Bwana Stoo alishika kichwa.

Bwana Stoo hakukataa, ila alisema ghala halina kibali cha kutoa kuku kwa "majaribio." Ndiyo maana jogoo wangu akaingia katika historia ya tiba. Nilimpika mchuzi mwepesi, tangawizi, nyanya, bila ngozi. Ugali ulikuwa wa mtama. Mboga ilikuwa majani ya kunde na mlenda ulioungwa kwa karanga kidogo.

Walikaa watano. Mmoja alikuwa gadi wa treni, Mgogo wa Dodoma, na mnajua Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu zama za misafara. Fundi hakumsubiri hata anawe.

"Haya, Mgogo! Babu yako alimtoza babu yangu hongo ya kupita nchini kwenu na kunywa maji. Leo unataka na kuku wangu?"

"Babu yako alikunywa kisima kizima na mzigo hakuushusha," gadi akajibu. "Mimi hapa nadai salio. Sogeza paja hilo."

"Paja limegawiwa na Zuhura. Kashitaki kwake."

"Zuhura ni Mnyamwezi mwenzio, hiyo mahakama sina imani nayo!"

Wadi nzima ilicheka, hata waliolala kwa homa. Fundi Feruzi alimaliza fungu lake, akafuta ukingo wa sinia kwa kidole. Nilienda kusimama nyuma ya mlango wa jiko mpaka nikatulia.

Baada ya hapo kazi ikawa kazi, maana kumkalisha mtu chini ni jambo la siku moja, kumrudisha kesho ndiyo sanaa. Nilipanga juma zima ili pasiwe na mlo unaofanana na wa jana. Siku moja ugali wa mtama, siku nyingine wa uwele. Choroko za kuungwa kwa kitunguu na kukamuliwa limau. Migebuka na dagaa waliokuja na treni ya Kigoma, na mimi nikawa stesheni kabla behewa halijatulia, nikibishana na wachuuzi waliokuwa bado na usingizi. Asubuhi, matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, vipande vichache tu kwa maana navyo ni wanga, pamoja na maziwa mgando. Masika yakileta uyoga kutoka misitu ya miombo, tulikula uyoga, na hakuna aliyekumbuka nyama. Chai ya tangawizi na mdalasini haikuhitaji kuombewa radhi. Ijumaa lazima wali. Tabora Ijumaa bila wali ni Alhamisi ya pili. Nilipima kibakuli kile kile, nikauzungushia mchicha na kunde mpaka macho yakashiba kwanza. Embe likiwa la msimu, nusu kwa mtu, baada ya mlo, na ugali wa siku hiyo ukapunguzwa. Matroni alilifanyia kila jambo hesabu, nami nililitafutia ladha.

Matokeo tuliyasoma kwa rangi. Wakati huo mkojo wa mgonjwa ulichemshwa kwenye bomba la kioo pamoja na dawa ya buluu. Ikibaki buluu, hakuna sukari, ikiwa kijani, kidogo, njano, nyingi, ikifika rangi ya tofali, hatari. Sisi wa jikoni hatukuruhusiwa kushika bomba, lakini hakuna aliyetukataza kutazama. Bomba la Fundi lilitoka kwenye tofali likaja njano, likaja kijani. Kidonda kikaanza kuota nyama nyekundu, safi. Kisha ghafla, tofali.

"Ameiba nini?" Matroni akaniuliza.

"Hajaiba, Matroni. Amepewa."

Nilimtazama mke wake siku ya kuona wagonjwa. Alitoa chupa kwenye kikapu, akammiminia Fundi kikombe. Asali ya nyuki wakubwa, nyeusi, ya Bi Tatu. Kosa hilo ni letu watu wa Tabora. Sijui kama wengine wanalo. Asali kwetu ni dawa ya kikohozi, ya mzazi, ya aliyeungua, ya aliyesusa kula. Mtu angeapa hagusi sukari huku ndevu zake zimegandamana kwa asali. Nilisimama katikati ya wadi nikasema, kwa sauti yangu ya sokoni, kwamba kwa mtu wa kisukari asali ni sukari iliyovaa kanzu.

Maneno yalifika sokoni kabla yangu. Bi Tatu alikuwa ananingoja, mikono kiunoni.

"Zuhura! Tumecheza kombolela pamoja, leo unaniharibia biashara? Sukari inatoka kiwandani. Asali inatoka kwa Mungu."

"Na muwa unatoka kwa nani, Bi Tatu?"

Ilikuwa jibu zuri. Watu waliokuwa karibu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomaliza urafiki wetu. Ningekuwa nimemwambia faragha angenielewa, au pengine asingenielewa. Lakini mguu wa mtu ulikuwa kwenye mizani na mimi sikuona muda wa kunong'ona. Hatukusalimiana tena ila misibani.

Mke wa Fundi aliacha kuleta chupa. Rangi ilirudi kijani, ikakaa buluu. Kidonda kilifunga. Siku Daktari Mkuu alipomruhusu, alimgonga goti na kumwambia, "Hili nilikuwa nimeshalipigia chaki." Fundi alimjibu, "Basi nikushonee kanzu, Daktari, chaki ni ya mafundi." Aliondoka kwa mkongojo, na kabla msimu haujageuka alikuwa barazani, vidole vitatu vikisukuma kanyagio.

Mimi nilihamishwa. Azimio la ujamaa lilikuwa limetangazwa na wataalamu walitakiwa waende kwa wananchi. Nikashangaa kuambiwa kwamba na mimi ni mtaalamu. Nilipelekwa Nzega chini ya Bwana Mganga, mkuu wa kituo cha afya, ambaye alikuwa na imani na kila kitu isipokuwa mlo. Akina mama wa kule walinifundisha nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa, ambayo kiangazi yaliokoa wagonjwa wangu wakati bustani zilipogeuka vumbi. Kisha nikapelekwa Ulyankulu, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi, chini ya Bibi Lishe, dada kijana aliyesomea chakula na aliyekuwa na subira ya mwalimu wa chekechea. Huko nilikuta maharage yaliyochemshwa na mchicha waliouita lengalenga, na kila nyumba watu walikula pamoja. Sikuwa na la kuwafundisha kuhusu sinia, tuligawana kibakuli tu.

Ikaja miaka ya uhaba. Mchele wa foleni, mafuta ya foleni, sabuni ya kujuana. Sukari ilipotoweka nchini, wagonjwa wangu peke yao hawakuwa na malalamiko. "Zuhura," gadi wa treni aliniambia tulipokutana stesheni, "sasa taifa zima lina mlo maalumu." Mafuta yakikosekana nilisaga karanga, karanga zikikosekana nilitumia limau na maneno.

Niliporudi Tabora, Matroni alikuwa amestaafu na kurudi kwao, na jiko lilikuwa na Matroni mwingine aliyependa sahani. Sikubishana. Nilikuwa na mahali pa kwenda. Kila Ijumaa, barazani kwa Fundi Feruzi, waliotoka kliniki ya sukari walikaa kuzunguka sinia moja pamoja na wasio na ugonjwa wowote, na mpita njia hakuweza kujua nani ni nani. Mke wake alipima kwa kibakuli. Nilikwenda kukagua, ndivyo nilivyosema. Ukweli nilikwenda kula. Nikikaribia kona ya mtaa nilisikia kwanza cherehani ikinyamaza, halafu vicheko, halafu gadi, ambaye alikuwa amestaafu na kukataa kurudi Dodoma, akidai salio lake la hongo. Kama ningeweza kununua adhuhuri moja ya zile, nisingepatana bei. Ningelipa ilivyotajwa.

Fundi alifariki mzee, kwa homa ya mapafu, miguu yake yote miwili ikiwa yake. Gadi alimfuata. Baraza imekuwa duka la vocha. Nilistaafu nikapewa hotuba, blanketi na baiskeli ambayo magoti yangu hayakuikubali.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaosoma, hasa vijana. Mwanaidi, aliyekuwa mgongoni mwa mama yake, leo ni mama mwenye nyumba yake mtaa wa Chemchem, na kijana wake Feruzi, aliyepewa jina la babu, ana kisukari. Ni fundi simu. Ana kipimo cha kuchoma kidole kinachosema namba papo hapo, ana dawa ambazo Matroni wangu angezipigia magoti. Na mwezi uliopita alianguka kibandani pake akiwa amejichoma sindano asile, kwa sababu mteja alikuwa anasubiri simu. Mama yake alikuja kwangu akilia. Nimekwenda, nimepanga juma zima, nimempikia uyoga na choroko mwenyewe kwa mikono hii. Mwanaidi humfungia kwenye hotipoti. Hotipoti hurudi imejaa.

"Shikamoo, bibi," ananiambia, kwa adabu kabisa, jicho kwenye kioo cha simu. "Chakula chako kitamu sana. Nitakula nikipata nafasi."

"Marahaba. Unakula na nani hapa?"

"Hapa? Hapa kila mtu anakula kivyake, bibi. Mwingine saa nane, mwingine saa kumi."

Vibanda sita vimepangana pale, vijana sita, kila mmoja na mfuko wake wa chipsi. Nimevizunguka vyote, nimewasalimia, wananiita bibi na kunipa kiti. Nimewaambia nitaleta sinia, bure, adhuhuri. Wamesema sawa. Nilipolileta, wawili walipiga picha, mmoja akala akiwa amesimama, na mjukuu wa Fundi alikuwa anapokea simu.

Mimi najua kuwakalisha watu waliokuwa tayari wanatamani kukaa. Hawa sijui. Basi anayejua, anayefanya kazi mahali kama pale, mwenye umri kama wao, aniambie: mwenzenu anapoendelea kufanya kazi na njaa na sindano mwilini, ni neno gani mkiambiwa mnaweka simu chini na kukaa? Nifundisheni hilo neno. Sinia nitalibeba mimi.